Punda anachechemea tangu Jumatatu: nimpigilie vyuma kama farasi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nakaa Chanika, nauza maji kwa mkokoteni wa punda. Nina madume wawili waliohasiwa, niliwanunua pamoja Dodoma mwaka jana. Tangu Jumatatu mmoja anachechemea mguu wa mbele wa kushoto, na leo hakanyagi kabisa. Kwato zao zote zimeota kwenda mbele, zimekunjuka kama ncha ya kandambili. Kijana anayewaendesha anasema ni uvivu. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani amesema atanitengenezea vyuma vya kupigilia, kama vya farasi, kwato zisiote tena. Jirani ananishauri niuze tu, kuna watu wanatafuta punda kwa ajili ya ngozi. Halafu ukimshika mguu anarusha mateke, hata kuangalia chini ya ukwato hatujaweza. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hatujafika kwenye vyuma wala mateke, mfungue huyo punda kwenye mkokoteni leo, na asifungwe tena mpaka atembee sawasawa siku kadhaa mfululizo. Ukiweza, mpumzishe na mwenzake siku mbili hizi za mwanzo, ukodi guta la kupelekea maji wateja. Sababu ya kumpumzisha yule mzima nitaifikia.

Kijana wako anaita uvivu, na simlaumu sana. Tumelelewa na maneno ya "punda haendi bila kigongo" na "punda afe mzigo ufike". Ila punda huficha maumivu kuliko mnyama yeyote niliyewahi kumtibu. Farasi akishikwa na tumbo atajibwaga na kugaagaa mpaka mtaa mzima ujue. Punda mwenye tumbo lile lile anaweza kusimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, ukadhani anasinzia. Kwa hiyo punda akifika hatua ya kuning'iniza mguu, ujue maumivu yamemzidi, na pengine alianza kuyavumilia siku kadhaa kabla ya hiyo Jumatatu.

Sasa mpime. Shika kwato zote mbili za mbele kwa viganja, moja baada ya nyingine, asubuhi kabla jua halijawaka. Je, ule wa kushoto una joto kuliko wa kulia? Kisha weka vidole viwili nyuma ya kifundo, pembeni kidogo, pale mshipa unapopita kushuka kwenye ukwato. Kwa punda mzima mdundo wa hapo ni wa kupapasa, mara nyingi huusikii kabisa. Ukwato wenye shida ndani hugonga vidole kama moyo wa mtu aliyetoka kukimbia. Pima na mguu wa kulia ulinganishe. Dakika mbili tu, na hulazimiki kumwinua mguu. Jifunze pia kitu kimoja kwa ajili ya siku nyingine, maana huyu wako hahitaji tena kipimo hicho: mnyama anayechechemea mguu wa mbele hupandisha kichwa pale mguu unaouma unapogusa ardhi, hukishusha anapokanyaga ule mzima. Watu wengi husoma kinyume, wakatibu mguu ambao hauna kosa.

Ukikuta joto na mdundo kwenye mguu mmoja tu, na ameacha kukanyaga ndani ya siku chache hivi, karata yangu naiweka kwenye jipu la ndani ya ukwato. Ndilo ninalokutana nalo zaidi Dar, hasa masika yakiwa yanaisha. Ukwato ni kasha gumu, halivimbi. Jipu la pajani linapata pa kutanukia. La ndani ya ukwato halina, usaha unabana nyama hai baina ya mfupa na ukuta. Ndiyo maana jana alichechemea na leo ananing'iniza mguu kama aliyevunjika. Nimewahi kuitwa Mbande kumchoma sindano ya mwisho punda "aliyevunjika mguu", nikakwangua wayo kidogo tu, usaha mweusi ukaruka, na kesho yake punda yule akawa anakimbizana na mbwa wa jirani.

Jipu limeingiaje? Hapo ndipo zile kandambili zako zinapohusika. Ukitazama ukwato kwa chini, baina ya ukuta wa nje na wayo kuna mstari mwembamba wenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Ndio mshono unaoshika ukuta na wayo pamoja. Ukwato ukirefuka mbele, kila hatua ncha ile inafanya kazi ya mtaimbo: inakandamiza chini na kuubandua ukuta kutoka kwenye mshono. Mstari unaachia. Mchanga, samadi na maji machafu yanaingia, kisha yanapanda juu. Msumari unaweza kuwepo, sikatai, lakini kwa punda mwenye kwato za namna hiyo uchafu hauhitaji msumari. Mlango umeachwa wazi.

Na hapa niseme jambo ambalo wauzaji wa Dodoma hawakuambii, pengine kwa sababu wao hawana haja ya kulijua. Punda ametokana na punda mwitu wa Afrika, mnyama wa majangwa ya kaskazini mashariki mwa bara letu. Alifugwa huko yapata miaka 7,000 iliyopita, na wachache waliobaki porini bado wako Ethiopia na Eritrea, kwenye mawe na joto kali. Ukwato wake uliumbwa kwa ardhi ya kule. Ni wima kuliko wa farasi, mwembamba, na unakunywa maji haraka. Jangwani hilo ni jema, maana unyevu kidogo unaopatikana hauachwi upotee, na mawe yanausaga ukwato kila siku kama tupa. Dodoma inakaribia hali hiyo: ardhi kavu, ngumu, yenye changarawe. Wewe umewatoa huko ukawaleta Chanika, penye mchanga laini na tope la mfinyanzi, kwenye mkoa wenye misimu miwili ya mvua, masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mchanga wetu hausagi kitu. Ukwato unaota kati ya milimita 5 na 10 kwa mwezi, na kwa mwaka mzima ambao hapana aliyeugusa, hesabu mwenyewe. Wakati huo huo unyevu unaulainisha. Mrefu na laini kwa pamoja: hapo ndipo ulipo.

Kwa hiyo kazi yako ni mbili, ya wiki hii na ya miaka yote. Nianze na ya wiki hii.

Mwite afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo aje kulifungua jipu. Najua una mkono mwepesi, muuza maji gani hana, lakini kulitafuta jipu kwa kisu ni kazi ya anayejua pa kusimama. Tundu linalohitajika ni dogo, kiasi cha kupitisha kalamu, na lichimbwe kwenye ule mstari mweupe, si katikati ya wayo. Tundu kubwa huachia nyama ya ndani itokeze, na hapo jeraha la siku 5 linageuka la miezi. Ukisubiri mtaalamu, mloweshe. Chukua ndoo ya plastiki ya chini, maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia, chumvi ya haluli vikombe viwili kwa ndoo, au ya mezani ukikosa, na mguu ukae humo dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku, kwa siku mbili au tatu. Usizidishe. Ukwato ambao tumeshasema ni laini hauhitaji kugeuzwa uji.

Baada ya kulowesha, kausha na ufunge. Nepi ya mtoto mkubwa inafaa kuliko bandeji za bei mbaya. Ikunje ifunike wayo wote, zungushia gundi ile pana ya kufungia maboksi, halafu kata kipande cha tyubu ya tairi umvalishe juu yake kama katambuga, asitoboe kwa kukanyaga. Gundi isipande juu ya nywele ikambana mguu. Badilisha kila siku. Jipu likishafunguka utaona nafuu ndani ya siku moja au mbili, mara nyingine kabla daktari hajakunja vifaa vyake. Saa 48 zikipita bado ananing'iniza, daktari arudi, kuna kitu hakijapatikana.

Mkikuta msumari, sheria inabadilika. Ukiwa pembezoni, karibu na ukuta, ni jipu la kawaida lenye sababu ya kuonekana. Ukiwa umeingia katikati, kwenye ile pembetatu laini kama mpira iliyo katikati ya wayo au kwenye mifereji ya pembeni yake, unaweza kuwa umefika kwenye kiungo au kwenye mfuko wa maji ulio nyuma ya mfupa mdogo wa ndani. Huo ni wa kumkimbizia daktari saa hiyo hiyo, na kama una uwezo, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Kabla ya kuung'oa piga picha kwa simu, ionekane umeingilia wapi na umelala upande gani. Tundu la msumari hujifunga likapotea, na daktari asiyejua ulipokuwa atabaki anabahatisha.

Kitu kimoja usikubali: sindano ya antibayotiki kwanza, "tuone itakuwaje". Dawa haifiki ndani ya usaha uliofungiwa kasha. Kinachotokea ni kwamba jipu linapoa kidogo, mnaridhika, kisha baada ya wiki mbili linapasukia juu, pale nywele zinapokutana na ukwato. Vilevile usimpe diklofenaki wala vidonge vingine vya maumivu vya binadamu. Dawa za maumivu za punda zipo, zina vipimo vyake, na mwili wake huzitumia kwa kasi tofauti na wa farasi. Muulize daktari anayeijua tofauti hiyo.

Sindano nitakayokuomba uidai ni ya pepopunda. Jina lenyewe limebeba onyo: wazee wetu waliona ugonjwa huu ukimkakamaza mtu wakaupa jina la mnyama huyu huyu, na kweli farasi na punda wako katika wanyama wanaoupata kirahisi kuliko wengine. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na samadi, vinapenda jeraha dogo lenye kina lisilopata hewa, yaani jipu la ukwato hasa. Punda wa namna yako ambaye hana rekodi ya chanjo apewe kinga ya haraka sasa, na chanjo yenyewe ianze, dozi mbili zilizoachana wiki 4 hadi 6, kisha ya kukumbushia kwa ratiba ya daktari wako. Ukimwona anakakamaa, mkia umesimama nyuma, taya halifunguki, utando mweupe unamfunika jicho kutoka pembeni, usisubiri asubuhi.

Nimesema karata yangu ni jipu. Inaweza kuwa nimekosea. Ukikuta joto na mdundo kwenye miguu yote miwili ya mbele, na akisimama anaitanguliza mbele huku uzito kaurudisha nyuma kama mtu anayekanyaga makaa, hilo si jipu. Ni kuvimba kwa nyama laini zinazouning'iniza mfupa ndani ya ukwato. Sababu kubwa ni tumbo: punda aliyejaziwa pumba na mahindi. Mnyama huyo asitembezwe hata hatua kumi, alazwe kwenye mchanga laini au maranda mengi, pumba ikomeshwe palepale, na daktari aje siku hiyo. Mfupa unaweza kuzunguka ndani ya ukwato, na ukishazunguka hutazungumzia tena habari ya mkokoteni.

Sasa ile sababu ya kumpumzisha mwenzake. Punda waliokaa pamoja wanashikana kama mapacha. Ukimwacha mgonjwa peke yake bandani kutwa, mwenzake akipiga kelele njia nzima ya Msongola, mgonjwa anaweza kuacha kula. Na punda asiyekula ni dharura iliyo kubwa kuliko jipu. Mafuta ya mwili yanamwagika kwenye damu, ini linaelemewa, na ndani ya siku chache umempoteza mnyama aliyekuwa na kidonda cha mguu tu. Mwekee mwenzake ubavuni, hesabu anachokula, tazama kinyesi chake. Akikataa chakula kwa siku moja, piga simu.

Tuseme amepona. Kupunguza kwato ni kazi ambayo mimi mwenyewe niliiharibu kabla sijaijua. Nilifundishwa kwa farasi, na punda wangu wa kwanza nilimkata kwa macho ya farasi: nikashusha visigino, nikataka ukwato ulale mbele kidogo. Akachechemea wiki nzima, mwenye punda akaniita mwizi, nami sikuwa na la kujibu. Ukwato wa punda unatakiwa usimame wima zaidi. Tazama ubavuni: kutoka kifundoni kushuka mpaka chini, mteremko wa mguu na mteremko wa ukwato wa mbele uwe mstari mmoja, usivunjike. Kwako umevunjika kwa kuinuka ncha, na hautanyooka siku moja. Tutautoa kidogo, turudie baada ya wiki 3 au 4, tena na tena, mpaka ufike. Kisha iwe kila wiki 6 hadi 8 maisha yake yote. Ukikata vyote mara moja utafika kwenye nyama hai, na mishipa ya nyuma ya mguu iliyozoea ncha ndefu itashtuka.

Vifaa ni koleo la kukatia kwato, kisu cha kwato chenye ncha iliyopinda, na tupa kubwa. Panga si kifaa. Nimeona watu wakimsimamisha punda kwenye zege wakachapa ncha kwa panga na nyundo. Ukuta unapasuka kwenda juu, na ufa huo unachukua karibu mwaka kukua hadi utoke. Msumeno wa mbao nao sitaki kuusikia. Kati ya zamu moja na nyingine unaweza kujifunza kutumia tupa tu: lainisha ukingo wa nje, uuzungushe kidogo usiwe mkali, basi. Ile pembetatu laini ya katikati iache, inafanya kazi yake, toa nyuzi zilizokufa tu. Ikiwa imeoza, inanuka na kutoa uji mweusi mifereji ya pembeni, isafishe, ikauke, upake iodini. Mrututu uliochanganywa na maji nao unakausha vizuri sana, ila usiuweke palipo na nyama nyekundu na usiuache punda akaulamba, ni sumu.

Ya fundi wa kuchomelea yanaisha upesi: hapana. Chuma hakizuii ukwato kuota, unaota vilevile na kukibeba. Farasi wa kazi kwenye lami anaweza kukihitaji, na huvuliwa na kupigiliwa upya kila wiki 6 au zaidi kidogo na mtu aliyesomea. Hata hapa Dar, farasi wachache waliopo, wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi na wa watu binafsi, wanahitaji mtu wa namna hiyo. (Farasi ni wachache pwani kwa sababu nyingine kabisa, ndorobo na homa ya farasi ambayo punda huihimili vizuri zaidi, ni habari ya siku nyingine.) Punda wako anatembea mchangani. Msumari wa fundi asiyejua mstari mweupe ulipo utakuletea jipu lile lile unalolitibu sasa, safari hii kwa kulilipia.

Mateke. Hapa nitakaa kidogo, maana bila hili yote niliyoandika ni hadithi.

Punda anayerusha mateke ukimshika mguu mara nyingi anaumwa au anaogopa, na wa kwako wiki hii ana yote mawili. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza ni jipu kufunguka. Usimfundishe kitu leo, na daktari akija amtulize kwa dawa badala ya kumfunga kamba nne na vijana sita. Msimkunje sikio wala kumbana mdomo. Atasimama siku hiyo, kweli, lakini mara ijayo hutamkamata hata kwa kichwa.

Anza mguu ukishapona, na anza na huyu mwingine ambaye haumwi. Mwendo wake wa kufikiri ni tofauti na wa farasi. Farasi akishtuka hukimbia kwanza. Punda husimama akafikiri, na hapo ndipo fimbo inaposhuka, na ndipo anapojifunza kwamba kufikiri kunaleta kichapo. Mpe muda ule. Mshike kamba ya kichwani bila kumfunga mtini, simama ubavuni karibu na bega, si mbele wala nyuma. Weka mkono begani, ushushe taratibu kama unayempangusa vumbi. Ukifika mahali ngozi inaporuka au mkia unapopigwa, usiondoe mkono na usisogee mbele. Kaa hapo. Akishusha pumzi, akilegeza sikio, ondoa mkono mara moja na umwache. Kile kitendo cha kuondoa ndicho zawadi yake. Ukiondoa wakati anarusha teke, umemlipa kwa teke. Atalirudia, na mwenye makosa ni wewe.

Miguu ya nyuma usitumie mkono mwanzoni. Funga kitambaa kwenye fimbo ya fagio, mpapase nayo ukiwa umesimama begani. Mwache apige fimbo akitaka, haiumii. Siku ya tatu au ya nne atachoka kuipiga. Ukifika kuinua, inua kwa muda wa kuhesabu mbili, kisha wewe ndiye urudishe mguu chini, kabla hajaunyang'anya. Kesho hesabu nne. Uinue chini, karibu na ardhi, chini ya tumbo lake. Wengi wanauvuta pembeni kwa sababu wao ni warefu na punda ni mfupi. Hapo unamkunja nyonga na kumwondolea usawa, halafu unashangaa anarusha. Piga magoti, au kaa kwenye dumu tupu. Mwenzake awe karibu anakula majani. Dakika 5 asubuhi kabla ya mkokoteni na 5 jioni zinatosha, na kijana wako ndiye azifanye, maana ndiye anayeshinda naye. Ndani ya wiki mbili au tatu mnaweza kuwa mnasafisha kwato zote nne bila ugomvi. Mzee aliyepigwa sana atachukua miezi. Kisafishio ni chuma chenye ncha butu iliyopinda. Bisibisi ya zamani iliyopindishwa kidogo na kupigwa tupa inafaa, sukuma kutoka kisigino kwenda mbele.

Banda ndilo litakaloamua kama tutaonana tena. Unahitaji sehemu moja tu kavu, si lazima kubwa, ya kutosha wawili hao kusimama na kulala. Inyanyue kwa moramu iliyoshindiliwa na kokoto ndogo juu, iteremke upande mmoja, iezekwe, chimba mfereji. Kokoto hizo zitawasagia kwato kidogo kila siku, nusu ya Dodoma umeijenga uani. Mkojo na samadi vitolewe kila asubuhi. Ila angalia unachojazia. Kifusi cha nyumba zilizobomolewa kinagawiwa bure Dar yote, na kimejaa misumari, vigae na vioo. Ukilazimika kukitumia, chukua sumaku ya spika iliyokufa, ifunge kamba, uiburuze uani mara chache. Utashangaa itakachokuja nacho. Njia mnayopita kila siku nayo mtembelee kwa miguu siku moja, macho chini.

Chakula ni majani makavu na mabua ya mahindi, muda mrefu, kidogo kidogo. Punda anahitaji chakula kikavu cha takriban asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku. Kwa punda wa kilo 130 ni kilo 2 hivi, na wa mkokoteni umwongezee kidogo kulingana na mwili wake. Pumba iwe kionjo, viganja viwili, si debe. Ugali uliolala na mabaki ya chapati yaende kwa kuku.

Kuhusu mzigo, dumu moja la maji ni kilo 20. Madumu 20 ni kilo 400 bila mkokoteni, na mchangani gurudumu linavuta mara kadhaa kuliko kwenye lami. Punda mmoja kwenye njia yako sitampa zaidi ya madumu 10, na wiki ya kwanza ya kurudi kazini nitampa 4. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtumikisha mnyama mgonjwa au kumzidishia, lakini mimi nakupa hesabu ya mfukoni: safari zaidi zenye madumu machache zinamaliza siku na punda mzima, nzito zinakuletea mimi.

Jirani naye mjibu kwa upole. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Walikuwa na sababu. Jike hubeba mimba karibu mwaka mzima azae mtoto mmoja, ilhali ngozi zilikuwa zinatoka kwa kasi ya kiwanda. Anayekutafuta usiku kununua punda mchechemeaji hatafuti cha kukusaidia.

Ukimaliza kusoma, kampime na yule mwingine, joto na mdundo, miguu yote minne. Kwato zake unasema zimeota vilevile, na huenda yeye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya mzigo tangu Jumatatu.